Mvua Iliyonyesha kwenye Simu

Mkaguzi Tumwagile hakwenda Ulaya kutafuta ukweli. Ukweli alikuwa nao tayari, umelala kwenye jalada ofisini kwake Kilosa: Nassir, mlinzi wa mashine ya tembo, alizima swichi akaenda zake, tembo wakaingia shambani, na mama mkwe wake akafa. Alichofuata asubuhi ile ni sahihi ya Yusrah, mke wa Nassir, ili kesho mtuhumiwa asimamishwe mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe na jalada liwe halina pengo. Alitegemea kumaliza haraka na kurudi mjini kabla jua halijawa kali.

Ulaya hii si ile ya theluji. Ni kata ya wakulima kati ya Kilosa na Mikumi, na watu wake wamechoka na utani wa kwamba wametoka Ulaya kwa baiskeli. Mashamba yao ya pembeni yanatazamana na hifadhi, na tembo hawajui mpaka. Ndiyo maana waliletewa mashine. Ni waya mmoja uliotandazwa upande wa porini, sanduku la chuma juu ya nguzo lenye kompyuta ndogo ndani yake, sola, na king'ora. Tembo akiugusa waya, king'ora kinalia, watu wanatoka na madebe na tochi kumfukuza. Jioni aliyokufa Mama Yusrah king'ora hakikulia.

Yusrah alikuwa amehama kwa mumewe akiwa na watoto wake, yuko kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Alimpa mkaguzi kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Tumwagile alimpa tena pole ya msiba, akamsomea maelezo yake polepole, sentensi kwa sentensi, kama sheria inavyotaka. Yusrah aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Walipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alirudi shambani jioni kufunika ufuta, Tumwagile akasita. Maneno yale aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo kwanza anayasikia.

"Kufunika ufuta na nini?"

"Turubai."

"Kiangazi hiki? Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mvua," Yusrah alisema. "Mama alikuwa ameshafika nyumbani, ameshawasha moto. Meseji ikaingia kwenye simu yake, kwamba mvua inanyesha shambani. Akaacha sufuria mekoni, akabeba turubai, akakimbia. Miganda yote ya ufuta ilikuwa nje."

"Na mvua ilinyesha?"

Yusrah alifikiri. Hapa nyumbani haikudondoka hata tone, alisema, lakini mvua huwa inachagua upande, kwa hiyo alidhani imenyesha kule. Hakuna aliyemuuliza habari hiyo. Watu wote waliuliza habari za king'ora.

Tumwagile alikumbuka picha alizopiga mwenyewe kesho yake asubuhi. Nyayo za tembo zilikuwa kwenye vumbi jepesi, mistari ya ngozi ya nyayo inaonekana, na ukingo wa kila alama haujamomonyoka. Alikumbuka pia alivyokung'uta viatu vyake kabla ya kupanda gari. Mvua haikunyesha kule pia.

Aliomba simu ya marehemu. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga juu ya kabati, bado ina chaji kidogo. Meseji zilikuwepo, si moja, zimefuatana kana kwamba ni dhoruba: MVUA INANYESHA SHAMBANI. FUNIKA MAZAO. Mtumaji wake ni lile sanduku juu ya nguzo. Nguzo ile ilikuwa na kipima mvua pia, kilichoongezwa baadaye ili wakulima wapate taarifa, na taarifa zake zilitoka kwenye kompyuta ile ile.

Hapo hesabu ikakataa. Sanduku lililozimwa haliwezi kutuma meseji. Kama lilituma jioni ile, lilikuwa linafanya kazi, na kama lilikuwa linafanya kazi, Nassir hakuzima kitu.

"Nisaini wapi?" Yusrah aliuliza.

Tumwagile alimwambia asubiri kidogo. Yusrah alimkazia macho.

"Afande, wewe ndiye uliyenifuata siku ya maziko ukaniambia mume wangu alizima. Mimi nimehama nyumba yangu kwa neno lako. Sasa nisubiri nini?"

Mkaguzi alichukua simu, akaandika hati ya kuipokea kama kielelezo, akatoka.

Ndani ya gari alimpigia Editha.

Inabidi nieleze Editha ni nani. Editha ndiye injinia aliyeibuni ile mashine, kuanzia chuma hadi programu, akaipigania kwa wafadhili mpaka ikasimama shambani. Ni mwenyeji wa Kilosa, anayejulikana na kila mtu sokoni. Kwa Tumwagile alikuwa zaidi ya hapo. Tumwagile alipohamishiwa Kilosa kutoka Mbeya hana ndugu wala jirani, Editha ndiye aliyempokea, wakapanga vyumba vya jirani katika nyumba moja Magomeni, pale pale Kilosa. Editha ndiye mama wa ubatizo wa Loveth, binti wa Tumwagile. Na katika kesi hii Editha ndiye aliyekuwa mtaalamu wa polisi. Yeye ndiye aliyefungua lile sanduku asubuhi iliyofuata kifo, Tumwagile akiwa nyuma yake, akasema swichi iko chini, imezimwa kwa mkono. Funguo za sanduku zilikuwa kwa watu wawili tu, Editha na Nassir. Nassir akalala mahabusu siku hiyo hiyo.

Tumwagile alimuuliza tu ni kitu gani kinaweza kufanya kipima mvua kiseme mvua ilhali hakuna mvua.

"Hicho kipima mvua ni kazi ya Goodhope, yule fundi wa Mikumi," Editha alijibu bila kuvuta pumzi. "Alifunga ovyo, nilishasema. Achana nacho, Mama Loveth. Mchana nakuja kuchukua sanduku kama tulivyokubaliana, nitalikagua vizuri mezani. Usiliguse kabla sijafika."

Tumwagile alikata simu, akabaki ameishika. Editha hakuuliza mvua gani, wala ya siku gani. Mtu anayeulizwa jambo geni huuliza kwanza.

Hata hivyo aliondoa gari kuelekea Mikumi, tena kwa kasi, kwa sababu alitaka sana iwe ni Goodhope. Askari hatakiwi kutaka, lakini alitaka.

Kibanda cha Goodhope kiko kando ya barabara kuu, mkabala na malori ya mizigo yanayopumzika kabla ya kuvuka hifadhi. Anatengeneza simu, redio na sola. Tumwagile aliposimamisha gari, Goodhope alikuwa anafunga mlango saa za kazi, begi liko mgongoni. Alipoona namba za gari alidondosha kufuli.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Unasafiri?"

Alisema anakwenda Ifakara, mjomba wake mgonjwa. Tumwagile alimuuliza mjomba anaumwa nini. Goodhope akasema tumbo, kisha akasema malaria, kisha akakaa kwenye kizingiti cha kibanda chake na kuvua begi. Huwa wanachoka haraka wale wasiozoea kudanganya, na Tumwagile alifurahi, akiamini amempata mtu wake.

"Sikufanya kitu mimi," Goodhope alisema. "Nimeambiwa unakuja kunikamata kwa ajili ya kipima mvua."

"Nani amekuambia?"

"Injinia Editha. Amenipigia sasa hivi, hata simu haijapoa. Amesema niondoke Mikumi mpaka mambo yatulie, yeye atanisaidia."

Alimpa simu aone. Editha alikuwa amempigia mara tu baada ya kuzungumza na Tumwagile. Furaha ya mkaguzi iliishia hapo. Aliyetaka Goodhope akimbie ndiye aliyetaka Goodhope aonekane mkosaji, na mtu asiye na hatia hahitaji mtu wa kumbandikia kosa.

Goodhope akafunguka. Yeye alifunga nyaya na kikombe tu, kile kinachopinduka kikijaa mvua, alisema. Programu aliiweka Editha mwenyewe, na haibadiliki bila neno la siri ambalo analo yeye peke yake. Fundi mwingine anaweza kuisoma, basi. Kikombe alikifunga vizuri, kwa muda mrefu hakikuwahi kudanganya. Ila tangu wafadhili walipokuja kutembelea mashine, wiki ile kabla ya msiba, alikuwa ameona kitu. Zamani nyani wakichezea waya king'ora kilikuwa kinalia, ng'ombe wakipita kinalia, watu wakalalamika mpaka wengine wakatishia kukikata. Siku ya wageni nyani walivuta waya mbele ya macho yao, na kimya. Wageni wakapiga makofi. Goodhope alimuuliza Editha amefanyaje, Editha akasema ameiboresha.

"Unaweza kuniambia aliiboresha vipi?"

"Nikiona ndani ya sanduku, ndiyo."

Tumwagile alimwambia abebe kompyuta yake na apande gari.

Ufunguo wa kufuli la polisi ulikuwa mfukoni mwake. Hili lilikuwa jambo pekee alilolifanya sawasawa tangu kesi ianze. Siku ile Editha alipotamka tu kwamba swichi iko chini, Tumwagile alilifunga sanduku papo hapo kwa kufuli la polisi, bila kumpa mtu nafasi ya kugusa kitu kingine, na tangu hapo Editha hakuacha kuliomba. Sasa alisimama chini ya nguzo, jua liko utosini, ufuta uliokauka unachakarika kwa upepo, akaeleza kwa sauti kila anachofanya ili Goodhope awe shahidi. Alifungua sanduku. Alipiga picha swichi ikiwa chini. Aliipandisha. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Vuta waya," alisema.

Goodhope alikwenda kwenye waya, ambao wanakijiji walikuwa wameuunga tena, akauvuta. King'ora hakikulia. Akavuta tena, na tena, kwa nguvu kama anavyovuta mnyama mzito. Kila alipovuta, taa nyekundu ndani ya sanduku ilikonyeza. Waya ulikuwa mzima, na ulichokisema kilifika kwenye kompyuta. Kisha begani mwa Tumwagile, ndani ya mkoba, simu ya marehemu ikatetemeka.

MVUA INANYESHA SHAMBANI. FUNIKA MAZAO.

Wote wawili walitazama juu. Hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa.

Goodhope aliunganisha kompyuta yake, akasoma kwa muda, akikuna shingo. Kisha akamweleza, na Tumwagile alimwelewa mara moja, kwa sababu maelezo yale alishawahi kuyasikia kwa Editha mwenyewe siku mashine inazinduliwa. Kompyuta ina shughuli zake, haiwezi kukaa mlangoni ikichungulia kama kuna mgeni. Kwa hiyo kifaa chenye jambo hupiga hodi. Hodi ikipigwa, kile kiini cha programu kinachoendesha mashine nzima huacha hapo hapo kilichokuwa kikifanya, kikaweka alama kilipofikia, kikaenda mlangoni, kikamalizana na mgeni, kisha kikarudi kuendelea pale pale. Hodi haisubiri zamu. Ikisubiri, tembo ameshaingia.

"Sasa hapa vifaa ni viwili na mlango ni mmoja," Goodhope alisema. "Kipima mvua na waya vinapiga hodi mlango huo huo. Hodi ikija, kiini kinauliza kwanza kipima mvua, huyu mgeni ni wako? Kinatakiwa kiangalie kikombe. Kama kikombe hakijapinduka, kijibu si wangu, ndipo uulizwe waya. Atakayesema ni wangu ndiye anayepewa, na hodi inafutwa. Hakuna anayeulizwa tena."

"Na hiki?"

"Hiki kinajibu ni wangu bila kuangalia kikombe. Kila mgeni ni wake. Waya hauulizwi kamwe. Na kwa kuwa kimesema ni wangu, kinahesabu kama mvua. Nyani anavuta mara moja anakimbia, meseji haitoki. Tembo kundi zima wakivuta na kuvuta, kompyuta inaona mvua kubwa."

"Inaweza kuwa hitilafu? Imejiharibikia?"

Goodhope alitikisa kichwa. "Hapana, afande. Huu mstari umeandikwa na mtu. Hata jina ameupa." Aligeuza kompyuta ili mkaguzi aone.

Editha alikuwa na tabia ya kuandika programu zake kwa Kiswahili. Tumwagile aliona mgeni, kikombe, ni_wangu, si_wangu. Na juu ya mstari uliomeza hodi zote aliona neno moja: anaoga.

Alilisoma tena.

Katika ile nyumba ya Magomeni, wapangaji walikuwa wengi na lango lilikuwa moja. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mpunga aliyempenda sana Tumwagile, naye Tumwagile hakumtaka, lakini hakuwa na ujasiri wa kumfukuza. Kila jioni alipiga hodi langoni. Editha alikuwa anamwitikia kutoka chumbani, bila kuinuka kitandani, "Karibu, anaoga!" Yule bwana akawa anasimama na zawadi yake mpaka anachoka, anaondoka, akiwa na hakika kwamba amepokelewa. Wao ndani wanaziba midomo kwa mito. Tangu hapo neno hilo likawa lao wawili. Barua ya mkubwa isiyojibika ilikuwa anaoga. Mgeni wa kuahirishwa alikuwa anaoga. Mume wa Tumwagile mwenyewe hakuijua maana yake.

Kwa hiyo hapakuhitajika mtaalamu wa kutambua mwandiko. Tumwagile alijisikia mjinga, na baada ya ujinga ikaja hasira. Kicheko chao kilikuwa kimechukuliwa, kikawekwa ndani ya sanduku, na mama wa watu akafa nacho. Alimwagiza Goodhope akae pembeni na asizime kitu.

Editha alikuja mchana kama alivyoahidi, kwenye pikapu yake, amebeba chupa za maji ya baridi. Alianza kusema mbona mmekaa juani, kisha akaona sanduku liko wazi na taa ya kijani inawaka. Chupa alizishusha chini taratibu.

"Nilikuomba usiliguse."

"Siku ile tulipokuja hapa," Tumwagile alisema, "swichi ilikuwa juu."

"Ilikuwa chini. Uliiona kwa macho yako."

"Niliiona ulipojisogeza pembeni. Kabla ya hapo nilikuwa nyuma yako, nimekushikia mkoba."

Editha alimgeukia Goodhope, akasema kijana huyu amekuwa akichezea mashine, atakuwa ameiharibu. Tumwagile alimwacha amalize.

"Anaoga nani, Editha?"

Editha alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumwa, kisha akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake nzuri.

Alieleza bila kulazimishwa. King'ora kilikuwa kinalia kwa kila nyani. Wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama mashine itasambazwa vijiji vingine, na wangekuta wanakijiji wanailaani. Akaweka ule mstari kwa ajili ya siku ya wageni peke yake. Angeutoa jioni ile ile.

"Kwa nini hukuutoa?"

"Kila mtu alinisifu kwamba sasa imetulia," Editha alisema. "Nikasema niuache wiki moja, niandike dawa ya kweli ya nyani, ndipo niutoe."

"Mbona nilipokuita hukuniambia?"

"Ungenikamata."

"Ndiyo."

"Basi."

"Ungekataa kuja. Ungeniambia nitafute mtaalamu mwingine. Kwa nini ulikuja?"

Editha aliokota bua la ufuta, akalivunja. "Mtu mwingine angeuona ule mstari. Na mimi nilijua hutaitazama mikono yangu. Ya mwingine yeyote ungeitazama."

Maneno haya yalimuuma Tumwagile kuliko yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa amepekua mifuko ya Nassir, amepekua nyumba yake, amemuuliza swali moja kwa namna kumi. Kwa Editha hakuwa na swali hata moja.

"Nassir alikuwa anakwenda jela," alisema.

"Ningekuomba umpunguzie. Kesi ilikuwa mikononi mwako. Ingekuwa uzembe tu, si kuua. Ningewatunza watoto wake."

"Unajua kwa nini Mama Yusrah alikuwa shambani jioni ile?"

Editha alisema si alikuwa analima.

Tumwagile alitoa simu ya marehemu, akainama, akamwekea mbele ya macho. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma hati ya mashtaka, kwamba mama yule alikuwa ameshafika nyumbani salama, ameshabandika sufuria. Tembo walipovuta waya, mashine haikumwonya mtu yeyote. Ilimwambia mvua inanyesha, funika mazao. Akabeba turubai akakimbilia walipo.

Editha alisoma meseji zile mpaka ya mwisho.

"Sikukumbuka kwamba inahesabu," alisema. "Mama Loveth, kweli kabisa, sikukumbuka kwamba ikisema ni wangu inahesabu."

Alilia hapo, na Tumwagile aliamini kwamba machozi yale ni ya kweli, na hayakumsaidia chochote. Alimsomea haki zake. Alimshika mkono kumwinua. Editha alimuuliza atamwambia nini Loveth, na mkaguzi akamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Goodhope alibeba sanduku, limefungwa upya kwa kufuli la polisi, akalipakata njia nzima mpaka Kilosa.

Kumtoa mtu mahabusu kuna makaratasi zaidi ya kumwingiza. Tumwagile aliandika maelezo mapya, akamsimulia mkuu wake, akajibu maswali yake yote, pamoja na lile la kwa nini alimchagua rafiki yake kuwa mtaalamu. Jua lilikuwa limeshainama Nassir alipoletwa kaunta. Alikuwa mtu mzima kuliko Tumwagile, na siku za ndani zilikuwa zimemkondesha. Alirudishiwa mkanda na kandambili zake. Aliuvaa mkanda. Kandambili alizishika mkononi.

Tumwagile alimwamkia, kisha akamweleza yote wakiwa wamesimama. Hakujificha nyuma ya neno polisi. Alisema mimi nilikosea, mimi nilimwamini mtu nisiyemchunguza, naomba unisamehe, kaka Nassir. Nassir alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Maziko ya mkwewe yalikuwa yamempita akiwa ndani, na hilo hakuna karatasi ya kulirudisha.

"Yusrah anajua?" aliuliza.

"Bado. Asubuhi nilikuwa sijawa na hakika. Gari lipo, litakupeleka sasa hivi, utamweleza mwenyewe."

Nassir alitikisa kichwa.

"Mimi nilishamweleza. Alikuja hapa siku ya pili, nikamwambia pale dirishani, wallahi sikuigusa hiyo swichi. Nimeishi naye tangu ujana wetu, hakuniamini. Wewe ulimwambia mara moja, akaamini, akahama na wanangu." Hakupandisha sauti. "Nenda wewe ukamwambie tena."

Kisha akatoka nje, akakaa kwenye benchi la kituo, kandambili mapajani. Askari wa kaunta alimwambia yuko huru, anaweza kwenda. Nassir akasema anajua, lakini yeye atakaa hapo hapo mpaka mke wake aje kumchukua.

Tumwagile alichukua funguo za gari, akarudi Ulaya.